Ziwa tuko nalo, bahari tunaitafutia nini? Juu ya matunzo ya wenzetu waliofungwa na pombe

Mwezi uliopita mama mmoja wa Ndosho aliingia ku biro yetu hapa Katindo na bahasha mkononi. Ndani mulikuwa karatasi ya shamba la familia. Mnunuzi alikuwa amekwisha kupatikana. Mtoto wake ana miaka 26, anachimba coltan upande wa Masisi tangu akiwa na miaka 17. Leo hawezi kuanza siku bila kinywaji kikali. Asubuhi mikono inatetemeka mpaka chai inamwagika.

Mama alisikia kwa jirani kwamba kule pwani, Zanzibar na Mombasa, kuna nyumba zinazopokea watu wa namna hiyo. Wanakaa karibu na bahari, wanapumua hewa nzuri, wanarudi wazima. Akatuambia: "Nitauzisha shamba. Lakini haitatosha. Mufungue kaisi yenu, munisaidie kufikisha mutoto ku bahari."

Hatukumjibu siku ile, na tunakubali kwamba tulikosa la kusema. Kaisi yetu ya musaada iliundwa juu ya misiba: sanduku, gari, chakula cha kilio. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba inaweza kutunza mtu anayekunywa. Katika mkutano uliofuata tuligawanyika. Kamarade mmoja akasema: "Tutanunua sanduku kwa mulevi akisha kufa, lakini akiwa muzima hatumulipie dawa?" Mwingine akajibu: "Tukianza na mumoja, kesho watakuja makumi mbili. Na yule anajinyima pombe kila siku, anachangia kaisi, tutamuambia nini?"

Wote wawili walikuwa na haki. Ndiyo maana tulikwenda kuuliza: wauguzi wa hapa mjini, watu waliowahi kuishi pwani, familia zilizokwisha kupita njia hiyo. Haya hapa ni yale tuliyoyapata, na namna tulivyoyapima.

Kule pwani wanafanya nini

Kwanza tuseme wazi: habari ya jirani si ya uongo. Nyumba hizo ziko. Kule Zanzibar wanaziita soba hausi, maana yake nyumba ya kuishi bila kulewa. Ya kwanza ilifunguliwa 2009 pale mjini Unguja, na zingine zikafuata, mpaka Tanga na Dar es Salaam. Kule Malindi, pwani ya Kenya, kazi ya namna hiyo ilianza mapema zaidi, 1995, na shirika linaloitwa Omari Project.

Kwa nini pwani? Watu wengi wanafikiri ni juu ya bahari nzuri. Sababu ni nyingine na ni chungu: ni kule ugonjwa ulikuwa mkali. Heroini, ambayo watu wa pwani wanaiita unga, inatoka Afghanistan, inapita Pakistan na Iran, inapakiwa ndani ya majahazi na kuteremka Bahari ya Hindi mpaka Afrika ya Mashariki. Katika Aprili 2014 manowari moja ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata zaidi ya kilo 1,000 za heroini ndani ya jahazi moja mbele ya pwani ya Kenya. Mzigo mwingi unaelekea inchi zingine, lakini kila mahali mzigo unapopita, kidogo kinamwagika. Vijana wa bandari, wa boti na wa hoteli za watalii ndio walikiokota.

Basi bahari ndiyo iliyoleta ugonjwa, na dawa ikatafutwa pale pale ugonjwa ulipokuwa. Mwisho wa 2010 na mwanzo wa 2011 unga ulipungua ghafla pwani ya Kenya, na mahospitali yakajaa watu wenye arosto, lile teso la mwili linalokuja mtu akikosa unga. Mwaka ule ule wa 2011, Februari, hospitali ya Muhimbili kule Dar es Salaam ilianza kutoa methadone. Ni dawa ya kunywa, mgonjwa anaimeza kila siku mbele ya muuguzi, inazuia arosto ili mtu aweze kurudi kazini na nyumbani. Zanzibar ilianza nayo 2015 katika hospitali ya Kidongo Chekundu, na pwani ya Kenya pia mwaka huo.

Ndani ya soba hausi maisha yamepangwa kama kazi ya zamu. Kuna saa ya kuamka, saa ya kufagia, saa ya kupika, saa ya sala, saa ya kukaa kwa duara na kusema ukweli juu yako mwenyewe. Mtu anakaa miezi kadhaa. Wengi wanaoongoza nyumba ni watu waliokuwa wagonjwa wao wenyewe. Mgeni akidanganya, wanamjua mara moja, maana uongo ule wameutumia wao mbele yake.

Ugonjwa wao na ugonjwa wetu

Hapo ndipo swali la kwanza la mama lilipoanza kupata jibu. Kule pwani adui mkubwa ni heroini. Huku kwetu mtoto wa Masisi hajaona heroini hata siku moja. Adui wetu ni kanyanga, ni sapilo, ni vichupa vya plastiki vinavyouzwa kwa bei ya mkate, ni chanvre, ni tembe za tramadol ambazo vijana wanameza ili mgongo usiume ndani ya shimo.

Methadone haifanyi kitu chochote juu ya pombe. Ni dawa ya heroini na ndugu zake. Kwa hiyo ile sehemu ya matunzo ya pwani iliyosifiwa zaidi katika habari za jirani haimhusu mtoto wa yule mama. Angesafiri kutoka Gisenyi mpaka Kigali, Rusumo, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,500 kwa basi, halafu boti, na angefika mbele ya dirisha la dawa isiyo yake.

Lakini kuna sehemu ya pili, na hiyo inatuhusu sana. Lile duara la kusema ukweli linafuata njia inayoitwa hatua kumi na mbili. Njia hiyo haikuzaliwa pwani, na haikuzaliwa juu ya heroini. Ilizaliwa juu ya pombe, 1935, kule Akron, Marekani, wakati mfanyabiashara mmoja na daktari mmoja, walevi wote wawili, waligundua kwamba wakikutana na kusemezana wanaweza kupitisha siku bila kunywa. Kutoka pale kikatoka chama cha Alcoholics Anonymous. Watu wa madawa ya kulevya waliazima njia hiyo baadaye.

Na Akron ni mji gani? Ni mji wa viwanda vya mipira ya magari, mbali sana na bahari. Ni mji wa wafanyakazi wenye mikono michafu kama yetu. Tulipolijua hilo, kamarade mmoja alicheka: "Kumbe dawa ya walevi ilitoka ku makazi, siyo ku plage!"

Bahari inasaidia wapi, na inaishia wapi

Tusidharau bahari lakini. Wale waliopita pwani wanasema kuna kitu kinachosaidia: kuwa mbali. Mbali na rafiki wa chupa, mbali na mwenye depo anayekudai, mbali na njia ambayo miguu inaijua yenyewe. Mtu akiamka mahali ambapo hakuna anayemjua kama mlevi, anapata nafasi ya kupumzika na jina lile. Maji makubwa mbele ya macho yanatuliza kichwa, hata sisi tunajua. Nani kati yetu hakwenda ku lac siku ya uchungu akakaa tu anatazama maji?

Maji hayo tuko nayo. Ziwa Kivu liko chini ya miguu yetu. Kutoka Katindo ni mwendo wa miguu, ingawa ukingo mwingi umefungwa na kuta za hoteli na villa, na mchimbaji analiona ziwa lake kwa tundu kati ya kuta mbili.

Lakini kule kuwa mbali kuna mwisho. Siku moja mtu anarudi. Na ugonjwa huu ni wa kurudiarudia. NIDA, taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza madawa ya kulevya, inaeleza kwamba kati ya watu 100 waliotunzwa, 40 mpaka 60 wanaanguka tena, na inafananisha jambo hilo na wagonjwa wa presha ya damu ambao nao hali yao inaharibika wakiacha dawa na masharti. Hakuna anayemtukana mgonjwa wa presha kwamba ametupotezea feza. Tunamrudisha kwa muuguzi.

Basi swali kubwa si mahali gani mtu atakaa miezi mitatu. Ni nani atakayekuwa naye mwezi wa nne, wa tano, wa kumi. Soba hausi ya Unguja inaweza kumfuata kijana wa Unguja mpaka kwao, kumwita katika duara ya kila juma, kumuona akianza kudanganya. Mtoto wa Masisi akirudi huku, nani wa kule atamuona? Atashuka basi kule Gisenyi, atavuka Petite Barrière, na kabla ya jioni atakuwa Birere peke yake na jina lake la zamani.

Kinachoua wakati wa kuacha

Hapa tunaomba kila familia isome polepole. Tumekwisha kuzika mtu juu ya jambo hili.

Miaka michache nyuma, mwenzetu mmoja aliyekuwa anakunywa kanyanga kila siku alifungiwa ndani na ndugu zake. Walimpenda. Walisema: siku saba bila tone moja, atapona. Usiku wa pili alianza kuona wadudu ukutani. Siku ya tatu akapata degedege, akafa kabla ya kufika ku sante. Watu walisema ni mapepo. Haikuwa mapepo.

Mwili uliozoea pombe nyingi kwa miaka, ukikatiwa ghafla, unaweza kushtuka mpaka kufa. Ndani ya siku ya kwanza mtu anatetemeka, anatoka jasho, moyo unapiga mbio. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kuona na kusikia vitu ambavyo haviko, kupata homa kali. Hiyo ni hatari ya kifo. Inatunzwa, na muuguzi anajua dawa: za kutuliza mwili kwa kipimo kinachopunguzwa kila siku, vitamini B1, maji. Lakini inatunzwa ku hospitali, hakuna mtu anayeweza kuitunza nyumbani na kamba.

Kwa hiyo: mtu anayekunywa sana kila siku asikatiwe pombe nyumbani ghafla. Mupeleke kwanza ku sante. Kama alikwisha kupata degedege zamani, musingoje hata saa moja. Na musimpakie ndani ya basi ya siku mbili kwenda pwani akiwa ameacha jana. Tulipomueleza hayo yule mama, alinyamaza, halafu akasema tiketi alitaka kuinunua juma lile lile.

Juu ya tramadol, mujue kwamba ni ya ukoo mmoja na heroini, na tembe zenyewe zikizidi zinaweza kuleta degedege. Na juu ya vinywaji vya chupa visivyo na jina: vingine vinachanganywa na metanoli, pombe ya kiwanda, ambayo inaharibu macho na kuua. Mtu akilalamika kwamba anaona kama ukungu baada ya kunywa, asipelekwe kulala. Apelekwe hospitali.

Chimbo linalolipa kwa chupa

Sasa tuzungumze sisi wa kazi, maana kuna jambo ambalo hata soba hausi nzuri kuliko zote haiwezi kulitengeneza.

Muchimbaji anaanzaje kunywa? Tuliuliza ndani ya kikundi chetu wenyewe, watu wazima, bila aibu. Majibu yalifanana. Shimoni kuna baridi na maji. Kuna woga: udongo ulikwisha kuteremka juu ya watu unaowajua. Kuna njaa ya saa nane. Kikombe kimoja kinafuta vyote vitatu kwa muda. Halafu kuna namna ya malipo. Mwenye shimo anatoa chakula na kinywaji kwa deni wakati watu wanangoja mchanga mzuri. Mzigo ukitoka, deni linakatwa kwanza. Kuna siku mtu anapanda kutoka shimoni, anafanya hesabu, anakuta kwamba juma lake lote alilinywa kabla ya kulichimba.

Huyo mtu umtume Zanzibar, umtume mpaka Malibu kule California ambako matajiri wa Marekani wanatunzwa wakitazama bahari. Akirudi ku shimo lile lile, kwa deni lile lile, na kikombe ndicho mshahara wa kwanza anaopewa asubuhi, ataanguka. Na akianguka watu watasema: muliona, ni tabia yake.

Kuna hatari nyingine. Mlevi ndani ya shimo hayuko peke yake. Anashika mti unaozuia udongo, anashika kamba ya mwenzake, anasahau kwamba hewa chini imepungua. Matunzo yake ni usalama wa timu nzima. Kamarade aliyesema kwamba asiyekunywa ataona kaisi yake inapotea, jibu lake liko hapo.

Inchi jirani zilijaribu kuanza kutoka upande wa chupa. Tanzania ilikataza pombe kali za viroba, yaani vile vifuko vidogo vya plastiki, tangu 1 Machi 2017. Uganda nayo ilikataza vifuko hivyo 2019. Ulevi haukuisha, kwa sababu vichupa vidogo vilichukua nafasi. Lakini kile ambacho mtoto wa shule aliweza kununua kwa sarafu na kuficha mfukoni kilipungua madukani. Huku kwetu, tangu vita ilipoingia mjini Januari 2025 na benki kufungwa, feza zimekuwa ngumu, lakini kichupa hakikukosa hata siku moja. Unga wa muhogo ulikosa. Kichupa hapana.

Na tujiseme sisi wenyewe. Tarehe 1 Mei ya miaka mingi sindika yetu ilifanya sherehe na makasha ya bia kabla hata hotuba haijaisha. Tulitoa hotuba juu ya afya ya mfanyakazi tukiwa tumeshika chupa. Mama wa Ndosho angetuona siku ile, asingeleta bahasha yake kwetu.

Sheria inasema nini

Kwa mwenye kontra, njia iko. Kode ya kazi ya Kongo, sheria nambari 015/2002 ya 16 Oktoba 2002, inamlazimisha mwajiri kutoa matunzo kwa mfanyakazi na familia yake, hata kama kontra imesimamishwa juu ya ugonjwa. Na wakati wa ugonjwa mfanyakazi ana haki ya theluthi mbili za mshahara. Mwajiri atajibu: ulevi si ugonjwa, alijitakia. Tumjibu kwa karatasi. Shirika la Kazi la Kimataifa, BIT, liliandika mwongozo wake juu ya pombe na madawa ya kulevya kazini katika 1996, na unasema kwamba shida hizo zitazamwe kama shida za afya, sawa na ugonjwa mwingine wowote. Na OMS inauhesabu ulevi wa namna hii kati ya magonjwa. Delege wa sindika anayekwenda kumtetea mtu aende na maneno hayo, asiende na machozi tu.

Kwa muchimbaji wa mikono, hakuna kontra na hakuna theluthi mbili. Ana kooperative. Hapo nguvu yetu ni ndogo zaidi, lakini iko: kooperative inapanga sheria za shimo, na inaweza kuandika kwamba hakuna malipo kwa kinywaji na hakuna deni la kinywaji linalokatwa ku mzigo.

Tuliamua nini

Mkutano wa pili ulikuwa mrefu. Tulianza saa tisa, tukamaliza usiku. Tunaandika hapa yale tuliyokubali ili vikundi vingine vya wachimbaji viyapime, viyatengeneze au viyakatae.

La kwanza: kaisi ya misiba imegawanywa. Sehemu moja ya tano itatunza wazima, pamoja na wale waliofungwa na pombe. Zingine zinabaki kwa misiba, maana msiba haungoji.

La pili: tunaanza karibu. Hapa Goma kuna Tulizo Letu, kituo cha magonjwa ya akili kinachoongozwa na Mafrère wa Charité. Bukavu kuna SOSAME, ya Mafrère hao hao, na boti inafika. Wengine wanaogopa vituo hivyo juu ya maneno ya watu: "Anapelekwa kwa wenda wazimu." Maneno hayo tuyaache. Muuguzi wa kichwa ni muuguzi.

La tatu: kaisi haimlipii mtu peke yake. Inamlipia na mwenzake wa timu atakayemtembelea kila juma, na atakayekuwa mlangoni siku anatoka.

La nne: duara. Kila Siku ya Mungu saa kumi, ku biro ya Katindo, watu wanaotaka kuacha wanakutana. Hakuna mkubwa, hakuna kuandika majina, yanayosemwa ndani yanabaki ndani. Wake na wamama wana duara lao saa ileile chumba cha pili, maana nao wameumizwa, na mara nyingi hakuna aliyewauliza.

La tano: anayerudi kutoka matunzo hateremki shimoni miezi mitatu ya kwanza. Tutamtafutia kazi ya juu, kupima, kuosha mchanga, kulinda vyombo. Na timu inayompokea inakubali kwanza kwamba kinywaji hakiingii kazini.

La sita, ambalo lilitugharimu kelele nyingi kuliko yote: sherehe ya 1 Mei itakuwa na fanta na chai.

Kamarade wa makumi mbili aliuliza swali lake tena kabla ya kupiga kura. "Na wakifika makumi mbili?" Tukamjibu kwamba kaisi haitatosha, hilo ni kweli. Lakini hao makumi mbili wako tayari, wanachimba pamoja nasi leo, na kaisi inawangoja wote na sanduku. Alinyamaza. Halafu akainua mkono pamoja na wengine, ingawa hakucheka.

Kama mtu anasikia kwamba pwani ilimponya ndugu wa jirani yake, asibishe. Inawezekana. Mwenye ugonjwa wa heroini, mwenye jamaa kule, mwenye namna ya kubaki kule miezi mingi, anaweza kwenda na tutamtakia safari njema. Kwa wengi wetu, kile kizuri cha pwani kinaweza kubebwa mpaka hapa: saa zilizopangwa, duara la ukweli, mtu aliyekwisha kupita njia akikaa na anayeanza. Ni hayo tunataka kuleta Goma. Mwamba na lava tuko navyo, ziwa liko.

Yule mama alirudi na bahasha yake. Tulimuomba asiuze shamba. Mtoto akiacha pombe atahitaji mahali pa kulima na kula, na mama akibaki bila shamba, mtoto atarudi shimoni kutafuta chakula kabla hajapata nguvu. Alikubali polepole. Mnunuzi alikasirika.

Kijana alilazwa siku tisa kwanza, akatetemeka, akatokwa jasho, lakini hakupata degedege. Leo ni juma la sita bila kunywa. Siku ya Mungu iliyopita alikuja ku duara, akakaa karibu na mlango, hakusema neno. Mwisho alisaidia kupanga viti. Tulipomuuliza kama atakuja tena, alijibu: "Nitaona."

Jibu hilo linatutosha kwa juma hili. Kiti chake kiko.